Jinsi ya Kusoma Kiko cha Udongo cha Enzi ya Biashara ya Manyoya: Mwongozo Kamili

Kipande kilichoko mezani kwangu kina urefu wa kidole cha shahada. Ni cheupe, chepesi, kimevunjika ncha moja, na tundu jembamba limekipita kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikiinamisha dirishani unaona mstari mwembamba ubavuni mwake, kama mshono wa nguo. Kwenye ncha iliyo nzima pana mibonyeo miwili, mmoja juu na mmoja chini, imezama kiasi cha kushika ukucha. Ni alama za meno. Aliyeziacha alikuwa anakibana kiko mdomoni, na kwa kawaida mtu hukibana kiko hivyo kwa sababu mikono yake miwili ina kazi.

Ni kipande cha kiko cha udongo cha Amerika ya Kaskazini, cha enzi ambayo ngozi za manyoya ndizo zilizowavuta Wafaransa, Waingereza na Waskoti kupanda mito mpaka katikati ya bara. Vipande kama hiki hupatikana kwa maelfu kwenye ngome na vituo vya biashara vya wakati huo. Miaka mitatu nimekuwa nikijitolea jioni kuviosha, kuvipima na kuviandika huku kaskazini mwa Minnesota, na kwa muda huo sijaona mwongozo hata mmoja wa Kiswahili. Huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa akiolojia, kwa Mswahili aliye ughaibuni aliyeokota kitu cheupe bustanini kwake, na kwa yeyote aliyesimama mbele ya kabati la makumbusho akajiuliza vijiti vile vilivyovunjika vina thamani gani.

Thamani yake ni hii. Sufuria ya shaba ilitumika miaka mingi, na bunduki mtu alimrithisha mwanawe. Kiko cha udongo kilinunuliwa kwa bei ya chini, kikavunjika baada ya siku au miezi, kikatupwa pale pale. Basi tarehe kilipotengenezwa na tarehe kilipoanguka ardhini zimekaribiana mno. Hakuna saa nzuri kama hiyo kwenye udongo wa ngome.

Majina ya viungo vyake

Kiswahili kina msamiati wa kiko tangu zamani, tuutumie. Babu yangu kule Pangani alivuta kiko cha maji, na kila kiungo alikiita kwa jina lake: bori ni kibakuli cha kutilia tumbaku, digali ni mti unaotoka kwenye bori kuingia kwenye chombo cha maji, shilamu ni mrija wa kwenda mdomoni. Ule mlio wa maji mtu anapovuta aliuita malio ya kiko.

Kiko cha udongo cha Wazungu hakina maji, kwa hiyo digali haimo. Bori na mrija vimefinyangwa kwa donge moja. Humu nitasema bori, mrija, tundu (njia ya moshi ndani ya mrija), mdomo (ncha anayovutia mtu), na kisigino, yaani kile kijiguu kilicho chini ya bori. Kisigino kikiwa kimechongoka badala ya kuwa bapa, nitakiita kijipembe.

Kilifikaje huko

Hapa usiruke, maana bila kujua safari ya kiko hutaelewa unachokipima.

Huko Ulaya watu walitaka kofia za felti, na felti bora ilitokana na manyoya laini ya biva, mnyama wa mtoni mwenye meno kama patasi na mkia bapa. Wenyeji wa Amerika ndio waliojua kumtega. Wafaransa walitangulia katika biashara hiyo kupitia mto St. Lawrence na Maziwa Makuu ya huko. Mwaka 1670 mfalme wa Uingereza akaipa hati Hudson's Bay Company. Mwaka 1779 wafanyabiashara wa Montreal wakaunda North West Company, kampuni hizo mbili zikagombana kwa miaka, hadi zilipounganishwa mwaka 1821. Bidhaa za kubadilishana zilikuwa bunduki, mablanketi, sufuria, visu, ushanga, tumbaku na viko. Ukisoma orodha hiyo kwa macho ya mtu wa pwani unaona kitu unachokijua. Ushanga wa kioo wa Venice ulioingia kwenye mito ya Kanada ndio uliobebwa pia na misafara yetu ya kwenda bara kufuata pembe za ndovu.

Na tumbaku yenyewe ni mmea wa Amerika. Wenyeji waliivuta kwa karne nyingi kabla ya meli za Wazungu. Ulaya ilijifunza kuvuta kutoka kwao, ikatengeneza viko vya udongo mweupe, kisha ikawarudishia vikiwa bidhaa.

Mizigo ilisafirishwa kwa mitumbwi ya gome la mbetula. Wapiga kafi wake, wengi wao Wafaransa wa Kanada waitwao voyageurs, walipumzika takriban kila saa moja ili wavute. Mapumziko hayo yakawa kipimo: ziwa lilisemwa kuwa na urefu wa viko vitatu au vinne. Palipokuwa na maporomoko waliibeba mizigo mabegani. Furushi moja lilikuwa na uzito wa ratili 90, na kawaida mtu alibeba mawili kwa mpigo, zaidi ya frasila tano. Njia ya Grand Portage, iliyoko Minnesota kwenye Ziwa Superior, ina urefu wa karibu kilomita 14 kutoka ziwani hadi mtoni. Kila nikisoma habari hizo nawakumbuka wapagazi wa Bagamoyo na Tabora.

Hatua ya kwanza: ujue kiko ni cha nani kabla ya kukigusa

Kama kiko bado kiko ardhini, kiache hapo. Nasema hivi bila kulainisha. Kiko kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake, kwa sababu kina cha udongo na vitu vilivyokuwa jirani yake ndivyo vinavyokieleza. Kipige picha, weka sarafu au rula pembeni ili ukubwa wake uonekane, andika mahali ulipokiona, kisha toa taarifa.

Sheria nazo zipo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mali za akiolojia inakataza kuchimba au kuchukua vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali kuu na ardhi ya makabila bila kibali. Nchini Kanada kila jimbo lina sheria yake. Ufukwe wa mto Thames mjini London, ambako viko vya udongo hutapakaa kama makombe, nao hauruhusu kutafuta vitu bila kibali cha mamlaka ya bandari.

Kuna jambo jingine linalozidi sheria. Viko vya mawe vya Wenyeji, hasa vile vyekundu vya jiwe la Pipestone huko Minnesota, ni vitu vya ibada. Machimbo ya jiwe hilo yamehifadhiwa tangu mwaka 1937, na wanaoruhusiwa kuchimba humo ni Wenyeji peke yao. Ukikutana na kiko cha jiwe, mwongozo huu haukuhusu. Usikisugue, usikipime, usikitie mtandaoni. Waulize wenyewe wa kabila husika. Sheria ya mwaka 1990 kuhusu makaburi na vitu vitakatifu vya Wenyeji ilitungwa baada ya watu wengi mno kufanya kinyume.

Hatua ya pili: osha kidogo, na pengine usioshe kabisa

Vifaa ni vichache: beseni la maji baridi, mswaki laini, glavu, vijiti vya meno vya mbao, taulo la karatasi. Sabuni usitie.

Vaa glavu. Lowesha mrija, sugua nje taratibu, toa udongo wa ndani ya tundu kwa maji na kijiti cha mbao. Usitumie waya, utakwaruza tundu na kuharibu kipimo. Ukifika kwenye bori, osha upande wa nje tu. Ile masizi ya ndani iache.

Hili nimejifunza kwa kosa langu. Jioni ya kwanza nilipewa bori zuri, lina masizi mazito ndani, nami nikalisugua mpaka likawa jeupe pe, nikidhani nimefanya kazi safi. Mama aliyekuwa akitusimamia alilitazama kwa muda bila kusema neno. Kisha akanieleza kwamba masizi yale yangeweza kupimwa maabara yakatuambia mvutaji alitia tumbaku tupu au aliichanganya na majani na magome, kama walivyozoea Wenyeji wengi. Jibu hilo lilikwenda na maji ya beseni.

Mrija nao unaweza kuhifadhi zaidi ya masizi. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wamepata vinasaba vya binadamu kwenye kipande cha mrija wa udongo kutoka makazi ya watumwa huko Belvoir, Maryland. Vilikuwa vya mwanamke, na vilikaribiana na vya Wamende wa Sierra Leone. Udongo ulifyonza mate yake, ukayatunza. Si kituo cha manyoya, ni shamba la watumwa, lakini udongo ni ule ule na somo ni lile lile. Tangu nisome habari hiyo sijashika mdomo wa kiko kwa vidole vitupu.

Kausha kivulini siku moja au mbili. Jua kali na jiko havifai.

Hatua ya tatu: hakikisha ni kiko

Mfupa mwembamba wa ndege, kipande cha matumbawe na vijibomba vya kauri vya umeme wa zamani huwadanganya wengi. Kijibomba cha umeme huwa kizito na kina mng'ao wa kioo. Mfupa una nyuzinyuzi na tundu lake halinyooki. Mrija wa kiko una tundu la mviringo na mshono pande mbili zinazotazamana.

Mshono huo unatokana na namna kilivyotengenezwa. Fundi alisokota donge la udongo likawa kama mkia wenye kichwa, akaliacha likakaze kidogo, akapitisha waya uliopakwa mafuta katikati ya mkia. Kisha akalilaza ndani ya kalibu ya chuma ya vipande viwili, akaibana, akasukuma kizibo kwenye kichwa kufanya shimo la bori, na mwisho akausukuma waya mpaka ukatokeza ndani ya bori. Palipokutana vipande viwili vya kalibu ndipo penye mshono. Fundi mwangalifu aliukwangua, na wa haraka aliuacha. Viko vikaushwe, viingie jokoni, kisha vifungwe kwa grosi, yaani 144, kwa ajili ya meli.

Hatua ya nne: tazama udongo

Cheupe au cha rangi ya maziwa: udongo wa Ulaya, kwa Waingereza aghalabu kutoka Devon na Dorset. Vingi vya vituo vya manyoya ni hivi. Chekundu au cha kahawia, bori fupi lenye shingo pana ya kuchomekea mwanzi au kijiti: hicho ni aina nyingine, na katika karne ya 19 vilitengenezwa kwa wingi Marekani kwenyewe, mathalani Point Pleasant huko Ohio na Pamplin huko Virginia. Tundu la kiko cha namna hiyo halipimwi kwa njia nitakayoieleza hapa chini, kwani halikutobolewa kwa waya wa aina ile.

Hatua ya tano: bori

Ukibahatika kuwa na bori, anza nalo kabla ya mrija.

Bori la mwanzoni mwa miaka ya 1600 ni dogo, maana tumbaku ilikuwa ghali. Lina tumbo kama pipa, limeinama mbele, na chini ya ukingo mara nyingi pana mstari wa vidoti uliopigwa kwa kigurudumu chenye meno. Kadiri tumbaku ilivyoshuka bei ndivyo bori lilivyokua. Baada ya takriban 1700, kwa viko vya Kiingereza, bori limerefuka, kuta zimekuwa nyembamba, ule mstari wa vidoti umetoweka, na ukingo wa juu umelala sambamba na mrija. Jaribu hili: laza mrija mezani, tazama ukingo kwa ubavu. Ukiwa umeinama kuelekea mbele, fikiria karne ya 17. Ukiwa sambamba na meza, fikiria karne ya 18 na kuendelea.

Karne ya 19 ni karne ya mapambo: majani yaliyopangwa juu ya mshono, mifereji ya wima, nyuso za watu, nyota, meli, nanga. Kalibu moja ilichongwa vizuri, na kila kiko kilichotoka humo kikawa na pambo.

Hatua ya sita: pima tundu

Sehemu hii ndiyo iliyovipa umaarufu viko hivi miongoni mwa wanaakiolojia. Mwaka 1954 J. C. Harrington, mwanaakiolojia aliyefanya kazi Jamestown huko Virginia, alichapisha alichokiona baada ya kupima mirija mingi ya viko vya Kiingereza: kadiri miaka ilivyosonga, tundu lilizidi kuwa jembamba. Wengi hueleza kwamba mirija ilirefuka, na mrija mrefu ulihitaji waya mwembamba zaidi.

Alitumia biti za drili za Kimarekani, zinazohesabiwa kwa sehemu ya 64 ya inchi. Kwetu Afrika Mashariki biti huuzwa kwa milimita, kwa hiyo nimekuwekea zote mbili pamoja na kipindi ambacho kila kipimo kilitawala:

9/64 (kama mm 3.6): 1590 hadi 1620
8/64 (mm 3.2): 1620 hadi 1650
7/64 (mm 2.8): 1650 hadi 1680
6/64 (mm 2.4): 1680 hadi 1710
5/64 (mm 2.0): 1710 hadi 1750
4/64 (mm 1.6): 1750 hadi 1800

Namna ya kupima: geuza biti, tumia ule upande laini usio na makali. Anza na nyembamba, panda moja moja. Kipimo chako ni ile biti ya mwisho inayoingia vizuri bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Pima ncha zote mbili, kwa sababu ncha iliyolika inaweza kudanganya. Vipande viwili vinavyoungana vihesabu kuwa kimoja.

Kipande kimoja hakitoshi kutoa tarehe. Waya wa fundi mmoja ulikuwa mnene, wa jirani yake mwembamba, mwaka ule ule. Unahitaji vipande vingi, ikiwezekana makumi. Mwaka 1962 Lewis Binford aliugeuza uchunguzi wa Harrington kuwa hesabu: chukua 1931.85, toa 38.26 mara wastani wa matundu yako. Unapata mwaka wa katikati wa kundi zima.

Tufanye mfano wa kubuni. Una vipande 30 kutoka shimo moja la taka: 3 vya 6/64, 15 vya 5/64, 12 vya 4/64. Zidisha kisha jumlisha: 18, na 75, na 48, jumla 141. Gawa kwa 30, wastani ni 4.7. Mara 38.26 ni 179.82. Toa kwenye 1931.85, unabaki na 1752. Ukisoma kwamba ngome ilikaliwa kati ya 1740 na 1765, hesabu yako imekaa mahali pake.

Sasa onyo, na naomba ulisome mara mbili kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoangukia. Hesabu hii inafaa zaidi kati ya takriban 1680 na 1760. Baada ya 1780 haifai kabisa. Tundu halikuendelea kuwa jembamba milele, na mafundi wa karne ya 19 walitumia waya za unene wowote. Vituo vingi mashuhuri vya manyoya ni vya karne hiyo ya 19. Chukua Fort Vancouver kwenye mto Columbia, iliyoanza mwaka 1824 na 1825: ukipata hapo mrija wa 5/64 na ukaiamini hesabu, itakuambia mwaka 1740, kabla ya ngome yenyewe kwa zaidi ya miaka 80. Viko vya Kiholanzi navyo vina mwenendo wao. Kwa hiyo bori na alama zikikuambia karne ya 19, weka biti kando.

Hatua ya saba: soma alama

Zima taa ya juu. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya kiko ukisugua uso wake. Herufi ambazo hukuziona zitajitokeza zenyewe, kila moja na kivuli chake. Piga picha, kisha sogeza tochi upande wa pili upige tena. Usipake chaki wala penseli.

Tafuta sehemu nne: pande mbili za kisigino, chini ya kisigino, mgongo wa bori unaomtazama mvutaji, na ubavu wa mrija. Herufi za kisigino kwa kawaida husomwa ukiwa umekishika kiko kama unavuta: ya kushoto ni jina la kwanza, ya kulia ni la ukoo.

R TIPPET, au RT, ni ukoo wa Bristol ulioitwa Robert Tippet kwa vizazi, mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18. Alama yake hupatikana sana Amerika.

Taji dogo juu ya namba au herufi, chini ya kisigino, huelekeza Gouda nchini Uholanzi, mji uliokuwa na chama cha mafundi viko tangu mwaka 1660.

FORD pamoja na neno STEPNEY ni mafundi wa ukoo wa Ford, wa mtaa wa Stepney mjini London, waliohusiana na Hudson's Bay Company, na viko vyao vimepatikana Fort Vancouver.

PETER DORNI kwenye mrija ni asili ya kaskazini mwa Ufaransa, katikati ya karne ya 19. Alama ilipendwa hata Waholanzi wakaiiga, basi jina hilo peke yake halitoshi kuthibitisha nchi.

McDOUGALL, MURRAY, WHITE, COGHILL pamoja na neno GLASGOW ni Uskoti ya karne ya 19. HENDERSON na BANNERMAN pamoja na MONTREAL ni mafundi wa Kanada, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840. Ukiona jina la nchi limeongezwa, kama SCOTLAND, kumbuka sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Mara nyingi kiko hicho ni cha baada ya hapo.

Na TD. Hii ndiyo alama itakayokujia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayosema kidogo kuliko zote. Watafiti wengi wanaihusisha mwanzo wake na Thomas Dormer wa London, karne ya 18. Lakini wanunuzi waliizoea, mafundi wengine wakaichukua, ikawa jina la aina ya kiko badala ya jina la mtu, ikatumika zaidi ya miaka mia moja baada yake. Ukiona TD, tazama umbo la bori na pambo lililoizunguka kabla ya kusema neno.

Ukitaka kulinganisha, kumbukumbu za Hudson's Bay Company ziko Winnipeg tangu mwaka 1974, na humo kuna hesabu za bidhaa zilizoletwa na meli. Huko Uingereza kuna hifadhi ya taifa ya viko iliyoko Chuo Kikuu cha Liverpool.

Hatua ya nane: tazama mkono uliokitumia

Bori lisilo na masizi hata kidogo huenda lilivunjika kabla ya kuvutwa, pengine ndani ya kasha. Yakiwa mengi mahali pamoja, fikiria ghala. Mrija uliovunjika kisha ukachongwa ncha kwa kisu ni wa mtu ambaye duka lilikuwa mbali naye. Alama za meno umeshazisoma hapo mwanzo. Watu waliobana viko vya udongo miaka mingi walilika hata meno yenyewe, na mifupa yao huonyesha kitundu cha mviringo kati ya meno ya juu na ya chini.

Utasikia ikisemwa kwamba kwenye vilabu vya pombe watu walipokezana kiko kimoja, kila mmoja akivunja kipande cha mdomo kabla ya kuvuta. Ushahidi wake ni hafifu sana. Kilichopo ni vyuma vya kupangia viko ili vichomwe upya motoni viwe safi.

Usikimbilie kusema mvutaji alikuwa Mzungu mwanamume. Wanawake walivuta. Wenyeji kama Waojibwe na Wakri walivuta, na Wametisi, watu wa nasaba ya Wenyeji na Wazungu, walivuta. Na Waafrika walikuwepo. Jean Bonga na Marie-Jeanne walikuwa watumwa wa kamanda wa Kiingereza huko Michilimackinac, kwenye mlango wa Ziwa Michigan na Ziwa Huron. Walipata uhuru wao mwaka 1787, wakaendesha nyumba ya wageni kisiwani Mackinac. Mwana wao Pierre aliingia katika biashara ya manyoya, na mjukuu wao George akawa mfanyabiashara na mkalimani mashuhuri huko Minnesota, akizungumza Kiingereza, Kifaransa na Kiojibwe. Eneo la ngome ya Michilimackinac limechimbwa kila kiangazi tangu mwaka 1959, na viko ni sehemu ya kinachotoka humo. Hakuna anayeweza kusema kipi kilishikwa na nani. Basi kwenye kadi yako, mahali pa mvutaji, acha wazi.

Hatua ya tisa: andika

Kila kipande kadi yake, hata kiwe cha sentimita mbili. Chora kwa ukubwa wake halisi, na alama zichore kwa ukubwa maradufu. Andika kwa penseli, wino hufifia. Namba isiandikwe juu ya kiko chenyewe kama hujafundishwa. Iandike kwenye kikaratasi ndani ya kifuko. Usiunganishe vipande kwa gundi ya dukani. Vifuko vya plastiki vitobolewe vijitundu ili unyevu utoke.

Cha mezani kwangu nimekijazia hivi usiku huu:

Mrija, mdomo upo. Udongo mweupe. Urefu mm 71. Tundu 5/64, ncha zote mbili. Mshono umekwanguliwa upande mmoja, upande wa pili umeachwa. Alama ya fundi: hakuna. Meno: juu na chini, mm 9 kutoka mdomoni. Hakikuoshwa ndani. Mvutaji: